Leza Isiyochoka kwa Joto

Wewe uliye sebuleni Tegeta, wewe uliye kibandani Tandika unasubiri wateja wa jioni, na wewe uliyebanwa mlangoni mwa daladala ya Mbagala huku redio ya dereva ikiunguruma, nakuomba dakika zako chache. Leo tuzungumze juu ya mwanga, tuzungumze juu ya joto, na tuzungumze juu ya chembe ndogo sana ambayo wataalamu wanaitumia kuupatanisha mwanga na joto.

Nianze na jambo la juzi. Nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, kwenye kibanda cha fundi wa redio na runinga. Nilimpelekea deki yangu ya DVD, maana ilikuwa inameza sahani, inazungusha weee, halafu inaandika kwamba hakuna sahani. Fundi akafungua skrubu nne, akaondoa mfuniko, akanionyesha kijicho kidogo kama punje ya dengu. Akachukua pamba, akailowesha spiriti, akafuta taratibu kama mtu anayemfuta mtoto jicho. Akajaribu. Ikakataa. Akaniambia, "Mzee, lenzi imechoka." Nikamuuliza, imechoshwa na nini? Akasema, "Joto, mzee wangu. Humu ndani joto, nje joto, na bila shaka ulikuwa umeiweka juu ya king'amuzi." Kweli kabisa, ilikuwa juu ya king'amuzi.

Msikilizaji, mafundi wetu wanaita lenzi, nasi tunawaelewa. Lakini ile lenzi yenyewe ni kipande cha plastiki au kioo, haichoki upesi hivyo. Kinachochoka kipo chini yake: kipande cha leza, kidogo kama punje ya mchanga, kinachotoa mwanga mwekundu wa kusoma sahani. Leza ndiyo iliyochoka. Na joto ndilo lililoichosha. Shika maneno hayo mawili, leza na joto, kwa sababu mazungumzo yote ya leo yanazunguka hapo.

Sasa utaniuliza, leza ni nini hasa, na ina tofauti gani na taa ya kawaida?

Twende Temeke, pale viwanja viwili vinapopakana. Umewahi kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa baada ya mechi ya Simba na Yanga? Watu maelfu wanamiminika, huyu anakwenda Keko, huyu anakwenda Mtoni, huyu amesimama kununua mihogo, kila mmoja na mwendo wake. Hiyo ndiyo taa ya kawaida. Mwanga wake unatoka wa kila aina na unakwenda kila upande. Sasa vuka uingie Uwanja wa Uhuru siku ya gwaride. Askari wamejipanga, mguu mmoja unainuka, mguu mmoja unashuka, uso upande mmoja. Hiyo ndiyo leza. Ni mwanga ulio kwenye gwaride: rangi moja, hatua moja, mwelekeo mmoja.

Na gwaride hilo linapangwaje? Hapa nitakupeleka harusini. Mama mmoja anapiga kigelegele. Aliye jirani yake anakisikia, anakidaka, anapiga kwa sauti ileile. Wa tatu anadaka, wa nne anadaka, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima unarindima. Chembe za mwanga nazo ziko hivyo. Chembe moja ikipita karibu na atomu iliyojaa nishati, inaichochea itoe chembe nyingine inayofanana nayo kabisa. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Albert Einstein aliliona jambo hilo kwa hesabu mwaka 1917. Weka sasa vioo viwili vinavyotazamana, mwanga uwe unakwenda na kurudi ukizidi kuchochea, halafu kioo kimoja kiruhusu kidogo kitoke. Umepata leza. Theodore Maiman wa Marekani ndiye aliyeiwasha ya kwanza, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu.

Nirudie: mwanga unachochea mwanga, vioo viwili, gwaride. Tumeelewana hapo? Haya, tusonge mbele.

Labda unasema, mimi deki sina, leza inanihusu nini? Inakuhusu. Ukituma picha kwa ndugu yako aliye Muscat au London, simu yako inaipeleka mnarani, mnara unaipeleka kwenye waya wa kioo mwembamba kama unywele, na ndani ya waya huo kinachosafiri ni mwanga wa leza. Unawaka na kuzimika mara bilioni nyingi kwa sekunde moja, na kuwaka na kuzimika huko ndiyo picha yenyewe. Ndani ya kioo mwanga huo unakwenda kasi ya kilomita laki mbili hivi kwa sekunde. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa tarehe 23 Julai 2009, ukafuata wa EASSy mwaka 2010, na hapo ndipo pwani yetu ilipoachana na utegemezi wa setilaiti. Kumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipopata hitilafu chini ya bahari huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jiji zima la Dar es Salaam liliona. Picha hazifunguki, malipo yanasuasua, vijana wa ofisi za intaneti wameshika tama. Mwanga ule ulikuwa umekatika njiani.

Basi leza hizo za mawasiliano nazo, kama ya kwenye deki yangu, zinaogopa joto. Leza ya kawaida ikipata joto inataka umeme mwingi zaidi ndipo iwake, na rangi ya mwanga wake nayo inahama kidogo. Kwa hiyo zile za masafa marefu huwekewa kipoozeo kidogo cha umeme pembeni yake, kazi yake ni kuifanya leza isihisi hali ya hewa. Fikiria, msikilizaji. Punje ya mchanga ina friji yake! Na mara nyingi friji hiyo inakula umeme kuliko leza yenyewe. Kwa nchi za baridi hiyo ni hasara. Kwetu sisi, mwezi wa Februari, bati likiwa linachoma na upepo umegoma kabisa, hasara hiyo ni maradufu.

Je, inawezekana kuwa na leza ambayo joto haliisumbui? Swali hilo liliulizwa mwaka 1982 na Wajapani wawili wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Yasuhiko Arakawa na Hiroyuki Sakaki. Jibu lao lilikuwa hivi: inawezekana, iwapo elektroni za ndani ya leza zitafungiwa kwenye vichumba vidogo mno, pande zote, zisipate pa kutangatanga. Vichumba hivyo ndivyo tunavyoviita leo nukta za kwanta.

Hapa tusimame, kwa sababu hapa pana utamu wake.

Nukta ya kwanta ni chembe ya nusukipitishi, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Lakini ni chembe ndogo kiasi gani? Chukua unywele wako mmoja. Ukizipanga nukta hizo kwa mstari kukatisha unene wa unywele huo, zitaingia zaidi ya elfu kumi. Na kitu kikiwa kidogo kiasi hicho, tabia yake inabadilika. Rangi ya mwanga wake haitegemei tena imetengenezwa kwa madini gani peke yake. Inategemea ukubwa wake.

Ni kama ngoma. Chapuo ni ndogo, sauti yake ya juu. Vumi ni kubwa, sauti yake inatoka chini kabisa. Mti unaweza kuwa uleule na ngozi ileile, ukubwa ndio unaoamua sauti. Nukta za kwanta nazo: ndogo inatoa mwanga wa buluu, ya wastani kijani, kubwa nyekundu. Dawa ni ileile, umebadilisha ukubwa tu.

Aliyeliona hilo kwanza kwenye kioo cha rangi ni Alexei Ekimov, huko Urusi ya Kisovieti, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Louis Brus wa Marekani akaliona kwenye chembe zinazoelea ndani ya maji mwaka 1983, naye hakuwa na habari za mwenzake. Na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata namna ya kuzipika zikatoka sawasawa. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Huyu Bawendi baba yake ni Mtunisia, mtaalamu wa hesabu, na mwenyewe alizaliwa Paris. Ameeleza hadharani kwamba mtihani wake wa kwanza wa kemia chuoni Harvard alipata alama 20 kwa 100, za chini kabisa darasani. Nawaambia wazazi wenye watoto wa kidato cha pili mlio na karatasi za matokeo mezani jioni hii: ishirini kwa mia, kwenye kemia, na tuzo yake ni ya kemia.

Na upishi wake mama wa Kiswahili ataufahamu mara moja. Mwezi wa Ramadhani ukikaanga kaimati, mafuta lazima yawe yamepata moto sawasawa, na kaimati zote ziingie karibu kwa wakati mmoja. Ukizitia leo moja na kesho moja, hii itaungua, ile itakuwa mbichi. Bawendi alimwaga dawa zake kwa ghafla ndani ya kimiminika chenye moto mkali, mbegu za chembe zikazaliwa zote kwa mpigo, kisha moto ukapunguzwa ghafla zisizaliwe nyingine. Zilizokwisha kuzaliwa zikakuzwa pamoja polepole mpaka ukubwa anaoutaka. Kaimati za saizi moja, rangi moja. Kabla ya hapo kila chungu kilitoa mchanganyiko.

Sasa turudi kwenye joto. Kwa nini nukta hizi hazibabaiki?

Fikiria mtoto amekaa kwenye mteremko wa mchanga, na mwingine amekaa kwenye ngazi ya zege. Ukimsukuma kidogo yule wa mchangani anateleza, hakai alipokuwa. Wa kwenye ngazi ukimsukuma kidogo anabaki palepale, maana ili ahame anahitaji nguvu ya kupanda kipandio kizima. Joto ni huko kusukuma kidogo kidogo. Ndani ya leza ya kawaida elektroni ziko kwenye mteremko. Ndani ya nukta ya kwanta ziko kwenye ngazi. Mteremko na ngazi, basi. Ndiyo hoja ya Arakawa na Sakaki.

Lakini hoja ya karatasini ni kitu kimoja, na kifaa mkononi ni kingine. Kutoka 1982 ilichukua miaka kumi na miwili. Mwaka 1994 watafiti wa Berlin, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Ioffe ya St. Petersburg, waliwasha leza ya nukta za kwanta inayoendeshwa kwa umeme. Nukta zao hazikupikwa chunguni. Ziliota zenyewe juu ya fuwele. Umeona maji yanavyokataa kutandaa juu ya jani la magimbi, yanajikusanya matone matone? Ukitandaza tabaka jembamba la madini ya indiamu asenaidi juu ya galiamu asenaidi, atomu za juu hazilingani nafasi na za chini, zinabanana, na mwisho zinajikunja kuwa vilima vidogo vidogo. Kila kilima ni nukta. Sababu si ileile ya jani la magimbi, ila sura inafanana.

Kisha miaka kumi mingine. Mwaka 2004, Arakawa yuleyule, safari hii pamoja na kampuni ya Fujitsu, wakatangaza leza ya nukta inayopeleka biti bilioni kumi kwa sekunde kuanzia nyuzijoto 20 hadi 70, bila kuongezewa wala kupunguziwa umeme. Nyuzi sabini! Mwaka 2006 ikaanzishwa kampuni huko Japani, QD Laser, ya kuzitengeneza na kuziuza.

Msikilizaji wangu, hebu pima. Wazo 1982, kifaa 1994, kifaa kinachostahimili joto 2004. Mtu amebeba swali moja miaka ishirini na miwili. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote, nami sioni haya kusema hivyo.

Wakati huohuo wapo waliotaka leza kutokana na zile za kupikwa, za Bawendi, kwa sababu ni za bei nafuu na unaweza kuzipaka kama rangi ya ukutani. Njia hii imekuwa na mwiba. Ili leza iwake, nukta moja inahitaji kujazwa nishati zaidi ya mara moja kwa wakati mmoja. Na wewe unajua maisha ya chumba kimoja cha kupanga. Akiwa mpangaji mmoja, amani. Wakiwa wawili chumba hichohicho kidogo, mmoja atamla mwenzake: nishati ya huyu inamrukia yule na kuishia kuwa joto, kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kabla mwanga haujapata nafasi ya kutoka. Victor Klimov wa maabara ya Los Alamos, Marekani, na wenzake, Bawendi akiwemo, walionyesha mwaka 2000 kwamba nukta hizo zinaweza kukuza mwanga licha ya ugomvi huo. Ilibidi wazichochee kwa mwanga wa leza nyingine. Kwa umeme wa kawaida? Ikawa kazi ya miaka zaidi ya ishirini. Walizivika nukta maganda juu ya maganda yanayobadilika taratibu, ili wapangaji wale wasigombane upesi, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba umeme umekuza mwanga ndani ya nukta za kupikwa. Ulikuwa mwanga uliokuzwa. Gwaride kamili, lenye vioo viwili na mwanga unaokwenda na kurudi, lilikuwa bado halijapatikana.

Hapo niwaonye kidogo mnaokwenda madukani Kariakoo. Ukiona runinga imeandikwa QLED, kwa kawaida ndani yake mna nukta za kwanta kweli, ila kazi yake ni kugeuza mwanga wa buluu kuwa mwekundu na kijani safi. Muuzaji akikuambia ni leza, mwambie hapana.

Kuna kona moja zaidi, na hii inafika Afrika Mashariki. Chipu za kompyuta zinatengenezwa kwa silikoni, na silikoni ina kasoro moja kubwa: haitoi mwanga vizuri. Wahandisi wanataka chipu ziongee kwa mwanga badala ya waya wa shaba, kwa sababu waya unapata moto na unapoteza umeme. Mmoja wa walioshughulika na jambo hilo ni Solomon Assefa, aliyezaliwa Ethiopia. Akiwa IBM yeye na wenzake walitengeneza kipokeo kidogo cha mwanga kilichowekwa juu ya chipu, wakakichapisha mwaka 2010. Baadaye huyuhuyu akaja kuongoza maabara za IBM za Afrika, ya Johannesburg na ya Nairobi. Kupokea mwanga kukawa kumepata njia. Kuutoa je? Mwaka 2016 watafiti wa University College London na wenzao waliotesha leza ya nukta za kwanta moja kwa moja juu ya silikoni, wakakadiria maisha yake kuwa zaidi ya saa 100,000. Hiyo ni miaka kumi na moja bila kuzimwa. Siri ni hii: juu ya silikoni fuwele huota na nyufa, na ufa mmoja unaweza kuua leza ya kawaida nzima. Nukta ziko mbalimbali, kama taa za urembo za harusini ambazo moja ikiungua nyingine zinaendelea kuwaka.

Nani atanufaika? Majengo ya kuhifadhi data, ambayo leza zake ni maelfu na viyoyozi vyake havilali. Sisi tunacho kimoja hapa Kinondoni, kituo cha taifa pale Kijitonyama. Na sisi wenyewe, tunaweza kuzitengeneza? Upande wa Temeke, Chang'ombe, kuna chuo cha DUCE kinachofundisha walimu wa fizikia na kemia. Mashine za kuotesha fuwele ni za mabilioni na zinataka chumba kisicho na vumbi na umeme usiokatika. Nukta za kupikwa zinataka chupa, jiko la maabara, gesi ya kuzuia hewa, na mtu mwenye mkono mtulivu. Mimi ningeomba walimu wetu waanzie huko, kwenye chupa. Na waanze na zisizo na sumu, maana nyingi za mwanzo zilikuwa na kadimiamu, na kadimiamu ni hatari kwa figo. Tunajua vifaa chakavu vya umeme vinaishia wapi katika jiji hili, na nani anayevichoma kutafuta shaba.

Nimebakiza dakika moja, na ninayo kazi ya kukupa usiku huu. Mwanga wa kwenye mikongo hauonekani kwa macho, uko nje ya wekundu tunaouona. Unaweza kumwona ndugu yake. Chukua rimoti ya runinga, zima taa, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, kisha bonyeza kitufe. Kwa macho hutaona kitu. Kwenye kioo cha simu nyingi utaona kitaa kidogo cha zambarau kinapepesa. Kile si leza, ni taa ndogo tu, lakini inaongea na runinga kwa namna ileile ya kuwaka na kuzimika. Waite watoto waone. Kalamu za leza, hapana, zisielekezwe machoni mwa mtu hata kwa mchezo, na ncha ya waya wa mkongo usiichungulie kamwe.

Deki yangu bado iko Rangi Tatu. Fundi amesema atatafuta lenzi nyingine Kariakoo, na ameniagiza nikirudi nayo nyumbani niiweke mbali na king'amuzi.

Usiku mwema.